Gereji Haina Gari, Likizo Ina Siku 30: Kupanga Bajeti ya Kazi ya Mikono Nyumbani

Leo tuongee kuhusu kile chumba ambacho wengi wetu tumekijenga huko nyumbani na hakina kazi yoyote: gereji. Mchoraji wa ramani alikuuliza, "Niweke na sehemu ya gari?" Ukasema weka. Miaka sita baadaye gari halijaja. Ndani kuna kuku wa jirani, baiskeli mbovu, vipande vya bati, na mifuko ya saruji uliyotuma hela inunuliwe mapema "kabla bei haijapanda", sasa imeganda kama jiwe.

Tumepokea maswali mengi ya aina moja: nikija likizo nataka kuigeuza gereji iwe karakana, au chumba cha ushonaji, au stoo ya biashara, na nataka nifanye mwenyewe ili niokoe hela ya fundi. Ni wazo zuri, na mafundi jipsamu na mafundi mbao mlioko Muscat na Doha mna ujuzi wa kufanya kazi safi kuliko wengi walioko mtaani kwenu. Lakini kazi ya kufanya mwenyewe ina mtego wake. Kwa kuwa hulipi fundi, unajiona umeshaokoa, halafu unaanza kuongeza: na marumaru basi, na silingi bodi basi. Siku ya 25 unampigia mtu simu akukopeshe nauli ya kurudi.

Kwa hiyo somo la leo ni la hesabu. Useremala hatuujui sana, tulisomea biashara.

Dada mmoja msomaji wetu, anafanya kazi za ndani Muscat, ametukubalia tutumie hesabu zake bila jina. Nyumba yake iko mkoa wa Tanga. Anajua kushona, na amebakiza mkataba mmoja kabla ya kurudi moja kwa moja. Alitaka gereji iwe chumba cha kushonea: meza kubwa ya kukatia vitambaa, shelfu za kuwekea, taa na soketi. Msaidizi ni mdogo wake wa kiume, anajua kushika nyundo na randa.

Alitutumia orodha ya kwanza kwa sauti ya WhatsApp, dakika nane nzima. Tukaiandika. Jumla ilifika shilingi 1,389,000. Tukamuuliza, una kiasi gani cha likizo? Akajibu, rial 300.

Anza na hela isiyoguswa

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunaanza na vitu tunavyotaka, tunajumlisha, halafu tunatafuta hela ya kufikia ile jumla. Geuza. Anza na hela uliyonayo, toa kila kitu ambacho gereji haina ruhusa ya kukigusa, kinachobaki ndiyo dari yako. Kazi ndiyo itakatwa iingie chini ya dari. Dari haipandi.

Kwa hesabu rahisi tulichukua rial 1 ni shilingi 6,500, kwa hiyo rial 300 ni 1,950,000. Tiketi ya ndege ililipwa na mwajiri. Kisha tukatoa: ada na sare za mtoto anayeingia kidato cha kwanza, 450,000. Chakula cha nyumbani na nauli za hapa na pale mwezi mzima, 500,000. Zawadi, wageni, mchango wa harusi au msiba, 200,000. Hapa usijidanganye kuandika sifuri, unatoka Arabuni, watakuja tu. Basi la kwenda Dar es Salaam siku ya kurudi pamoja na hela ya kuishi Muscat hadi mshahara wa kwanza, 150,000. Jumla 1,300,000.

Ikabaki 650,000. Tukamwambia atenge laki moja kama akiba ya dharura ya kazi yenyewe, aiweke kwenye laini nyingine ya simu. Dari ikawa 550,000.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe ile orodha yangu ilikuwa inakula ada ya mtoto." Ndiyo dada. Ilikuwa inakula ada, na chakula, na nauli yako, kwa kuwa ilizidi dari kwa 839,000.

Jambo moja kuhusu kubadilisha hela. Rial ya Oman, dirham ya Emirates na riyal ya Saudia zote zimefungwa kwenye dola. Dola ikishuka mbele ya shilingi, mshahara wako haujapungua hata senti lakini mbao unazoweza kununua zimepungua. Ndugu zetu wa Kenya waliliona hili wazi mwanzoni mwa 2024: Januari dola ilikuwa karibu shilingi 160, miezi michache baadaye karibu 130. Dirham 1,000 iliyokuwa inatoa kama 43,500 ikawa inatoa kama 35,400. Kwa hiyo bajeti ya likizo ya miezi minane ijayo ifanye kwa kiwango cha chini kidogo kuliko cha leo. Kikipanda, umepata ziada.

Kata orodha kwa kuuliza swali moja

Swali ni hili: bila kitu hiki, chumba kitashindwa kufanya kazi niliyokikusudia? Marumaru pamoja na saruji yake, 380,000: mtu anaweza kushona kwenye sakafu ya saruji? Anaweza. Ikatoka. Silingi bodi, 290,000: joto la bati litasumbua mchana, ndiyo, lakini kushona kutaendelea. Ikatoka, ingawa hii alibishana nasi sana na hatumlaumu. Msumeno wa umeme, 180,000: hapa tusimame kidogo.

Kifaa hakina bei moja, kina bei ya kila mara unapokitumia. Mashine ya mbao ya pale mtaani ilimtajia 15,000 kumkatia kila kitu. Gawa: 180,000 kwa 15,000 ni mara 12. Mpaka afanye kazi kubwa kama hii mara 12 ndipo msumeno unarudisha hela yake. Anakuja likizo mara moja kwa miaka miwili! Lakini wewe fundi mbao unayerudi nyumbani kufungua karakana, gawio lako ni tofauti kabisa. Kwako msumeno ni mtaji, ununue na uutunze. Kwa vifaa vidogo, futi, nyundo, pima maji, bisibisi, msumeno wa mkono, azima kwanza kabla hujaenda dukani. Na ukiazima, rudisha siku hiyohiyo, la sivyo mara ya pili utaambiwa kimevunjika.

Wanaobeba drili kutoka huku: ya Oman au Emirates inafanya kazi nyumbani bila shida, umeme wao ni wa volti zinazokaribiana na zetu na plagi ya pini tatu ni ileile. Ya Marekani ni volti 120. Ukiichomeka nyumbani moja kwa moja utanusa moshi. Na kama ni ya betri, betri ya akiba haipandi kwenye begi la mizigo, inakaa kwenye begi la mkononi, na mashirika ya ndege yanataka isizidi wati-saa 100 bila kibali chao. Zidisha volti kwa ampea-saa: 18 mara 5 ni 90, inapita.

Chora kabla ya kununua

Sasa tunafika kwenye mahali ambapo hela huvuja kimyakimya bila hata mtu kuiba. Fundi au ndugu anakwambia "nunua mbao kama kumi hivi". Kama kumi hivi ndiyo nini? Mwambie achore kila kipande.

Meza ya dada huyu ni plaiwudi nzima ya milimita 18, yaani futi 8 kwa futi 4, imelazwa juu ya fremu ya mbao za 2x4, miguu sita ya futi 3. Dukani kulikuwa na mbao za futi 10 na za futi 12. Za futi 10 zilionekana rahisi. Lakini angalia: fremu ya juu inataka vipande viwili vya futi 8 na viwili vya futi 4. Ubao wa futi 12 unatoa 8 na 4, umekwisha, hakuna kilichotupwa. Mbao mbili, fremu ya juu tayari. Mbao mbili nyingine, fremu ya chini tayari. Ubao wa tano unatoa miguu minne. Ubao wa sita unatoa miguu miwili na kipande cha futi 4 cha kushikilia katikati, unabaki na futi 2 tu za kuegeshea mlango. Mbao sita kamili.

Ungenunua za futi 10, kila unapotoa 8 unabakiwa na futi 2 isiyofaa kitu, na vile vipande vya futi 4 utavitafutia ubao mwingine. Bei ndogo kwa kila ubao, jumla kubwa.

Shelfu nazo hivyohivyo. Plaiwudi ya pili ikachanwa mara tatu kwa urefu: upana wa inchi 48 ukatoa shelfu tatu za karibu inchi 16, kila moja futi 8. Fremu yake ilihitaji mbao 9 za 2x2, akanunua 10 kwa sababu moja lazima itakuwa imepinda. Na upime na futi yako mwenyewe pale dukani. Jina la ubao ni 2x4, unene wake halisi mara nyingi ni pungufu; chora kwa kipimo ulichopima, jina liachie risiti.

Hii ndiyo orodha ya mwisho. Bei ni za mahali pake kwa wakati wake, zako zitakuwa tofauti, wewe fuata mpangilio:

Mbao 2x4 futi 12, sita kwa 12,000: 72,000
Mbao 2x2 futi 12, kumi kwa 6,000: 60,000
Plaiwudi milimita 18, mbili kwa 75,000: 150,000
Misumari na skrubu: 22,000
Gundi ya mbao na msasa: 15,000
Dawa ya mchwa: 20,000
Rangi nyeupe, ndoo: 45,000
Waya, taa, soketi na malipo ya fundi umeme: 85,000
Kukatisha mbao kwenye mashine: 15,000
Usafiri wa mizigo: 25,000
Chakula cha msaidizi, siku 8: 30,000
Jumla: 539,000

Ukiangalia vizuri, ile mistari mitatu ya mwisho, 70,000, ndiyo watu huisahau kabisa. Hakuna mtu anayeandika ugali wa mdogo wake kwenye bajeti. Lakini utaununua, kwa hiyo uandike. Dawa ya mchwa nayo usiipunguze: ukanda wa Tanga hadi Mombasa mchwa hawakusamehi, na shelfu isiyotiwa dawa inaliwa kwa ndani huku wewe huku Muscat unatumiwa picha ya nje imependeza.

Umeme usiufanye mwenyewe hata kama umeona video. Na usibomoe ukuta wala kutoboa nguzo kwa sababu mjomba amesema haina shida. Kwa hayo mawili, lipa fundi.

Panga kwa hatua ambazo kila moja inasimama peke yake

Hela inaweza kukatika katikati. Mtu anaugua, msiba unaingia. Swali ni ikikatika leo, umebaki na nini? Aliyenunua marumaru, akapaka rangi nusu, akaweka fremu bila ubao wa juu, amebaki na gereji iliyochafuka.

Dada huyu alipanga hatua tatu. Ya kwanza: kusafisha, dawa ya mchwa, rangi, taa na soketi. Ikiishia hapo, ana chumba cheupe chenye mwanga, cherehani inaweza kuingia na meza ya kawaida ya chakula. Ya pili: meza ya kukatia. Ya tatu: shelfu. Hakuruhusiwa, na sisi ndio tuliomkataza, kununua hata skrubu moja ya hatua ya tatu kabla ya ya pili kusimama. Duka halikimbii.

Siku nazo ni bajeti. Katika siku 30 yeye alijipa nane za kazi. Siku za mwanzo ni za salamu, siku tano za mwisho ni za mizigo na kuaga, na katikati kuna kumpeleka mtoto shule. Rangi na dawa vinataka kukauka, kwa hiyo usipange kupaka leo na kuingiza mbao kesho asubuhi, hasa wakati wa masika.

Mnaotuma hela kabla ya kufika

Kuna anayetaka vitu viwe vimeshanunuliwa ili likizo ianze na nyundo. Sawa, lakini chagua cha kununua mapema. Mbao zikipangwa vizuri ndani, zimeinuliwa kutoka chini na zimepishana kwa vijiti hewa ipite, zinakauka na kunyooka, hizo tangulia nazo. Saruji usinunue mapema. Ikikaa inavuta unyevu na kupoteza nguvu, ikipita miezi mitatu usiitegemee tena, ndiyo maana gereji zetu zina mawe yenye umbo la mfuko. Misumari pwani inaota kutu.

Mwenye duka mtumie hela mwenyewe kwa simu badala ya kumpitishia ndugu, na uombe risiti ya mashine, si karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Uliza mapema kama bei aliyokutajia ina VAT ndani. Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na ikiibuka mwishoni inakula akiba yako yote. Hatusemi ndugu ni mwizi. Ndugu ana shida zake, na hela iliyo mkononi mwake saa ile mtoto wake anaumwa haitakuwa tena ya mbao. Msimweke kwenye mtihani huo.

Ninyi mlioko Marekani na Uingereza mnaopanga nyumba yenye gereji hukohuko, hesabu ni ileile, na mambo mawili zaidi. Nyumba ni ya mtu: tengeneza meza na shelfu zinazosimama zenyewe, usizifunge ukutani, siku ya kuhama utaondoka nazo, na ukitaka kutoboa chochote pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Pili, katika majimbo mengi ya Marekani bei iliyobandikwa dukani haina kodi, inaongezwa ukifika kwa keshia. Uingereza ile asilimia 20 kwa kawaida imo tayari kwenye bei ya rafu. Maduka ya Habitat for Humanity yanayoitwa ReStore huuza mbao, milango na rangi zilizobaki kwenye ujenzi kwa bei nafuu, pitieni kwanza pale. Na mkichukua mapaleti ya bure, tafuteni muhuri: HT ni mbao iliyopashwa joto, hiyo inafaa, MB imepigwa dawa ya sumu, iacheni.

Ilivyokwenda

Haikwenda kama karatasi. Mita ya LUKU ilikuwa mbali na gereji kuliko walivyokadiria, waya ukaongeza 28,000. Mbao mbili za 2x2 zilikuja zimepinda, ya akiba ilikuwa moja tu, akanunua nyingine mbili ili abaki na ya ziada, 12,000. Na katika orodha yetu yote ile ndefu, sisi na yeye tulisahau brashi na rola ya rangi. Elfu sita. Mhasibu na shahada yake kasahau brashi.

Jumla ya nyongeza 46,000. Elfu 11 ilitoka kwenye nafasi iliyobaki chini ya dari, 35,000 ikatoka kwenye ile laki. Hatua zote tatu zilikamilika siku ya tisa badala ya nane. Ada ililipwa wiki ya kwanza, kabla ya ubao wowote kununuliwa, na hilo alilifanya mwenyewe bila sisi kumkumbusha. Aliondoka na 65,000 kwenye laini yake ya pili.

Sasa yuko Muscat tena, anazungumzia marumaru. Tumepiga hesabu: 380,000 kwa kiwango kilekile ni karibu rial 58 na nusu. Rial 5 kila mwezi, miezi 12, ni 60. Anaziweka kwenye akaunti yake mwenyewe huku, hatumi nyumbani kidogokidogo, na mdogo wake ameambiwa apime sakafu upya kwa futi, urefu na upana, atume picha ya vipimo na siyo makadirio.

Silingi bodi bado anaitaka. Tumemwambia alete orodha.